Wanataka Kujua Nasoma Nini

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Baridi gani hii! Mlima haujaonekana tangu juzi. Mwalimu Elifuraha, mhariri wa gazeti letu la kila mwezi, kaja huku Majengo na baiskeli yake na maswali. Anataka kuandika habari zetu sisi tuliotunga vitabu vya biashara na mabadiliko — tunasoma nini, tunaishije nyumbani. Sisi wenyewe wawili tu! Mimi na Bwana Primus wa “Mfanyabiashara wa Kesho”. Changu, “Soko Limegeuka”, kimekwisha madukani, na Mwalimu ndiye atakayekipiga chapa mara ya pili. Basi nikamkaribisha chai vizuri, na vitumbua vya Mwantumu, mwenye nyumba wangu, juu.

Akauliza, vitabu gani vimenifundisha biashara? Nikamwambia hadithi za wapelelezi. Akacheka. Nikamwambia sitanii, Mwalimu. Mtu kauawa, kila mmoja anasema mimi sikuwepo, na wewe unatafuta nani kafaidika. Soko la ndizi si ndiyo hivyo hivyo? Mama anashuka na mkungu kichwani toka Kibosho, mchuuzi anamdakia njiani, jioni mama anarudi na chumvi tu. Nani kafaidika? Sehemu nzima ya tatu ya kitabu changu imetoka humo.

Hakuandika neno. Alisema ataweka kwamba nasoma maisha ya wafanyabiashara wakuu wa Ulaya. Sijawahi! Nilijaribu kimoja, nikasinzia kabla hajazaliwa huyo mkuu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimekutana na Bernadetha, mke wa Primus, sokoni. Tumecheka mpaka watu wakageuka. Mumewe kamjibu Mwalimu kwamba anasoma falsafa na watakatifu. Kumbe anasoma mahaba! Kayavisha jalada la kitabu cha sala, anasoma hata misani, na waumini wanamsifu kwa uchaji. Na huyo mfundisha watu kubadilika, nyumbani kiti chake kikisogezwa kidogo ni ugomvi. Duka lenyewe ni Bernadetha anayeliendesha, toka kufungua hadi kufunga. Gazetini itakuwa “mkewe humsaidia”. Ptuu!

Mahaba simlaumu. Angeyasoma waziwazi tu.

Jumamosi, 8 Agosti

Mwalimu karudi. Safari hii na sharti.

Anataka picha. Mimi na mume wangu Wenseslaus, mbele ya nyumba yetu Kibosho, kahawa nyuma yetu. Nikamwambia Mwalimu unajua vizuri siishi Kibosho, naishi hapa, chumba cha uani kwa Mwantumu, toka mvua za masika. Anajua. Ndiyo maana amekuja. Anasema msomaji akisikia mwandishi kaacha nyumba yake, atakitupa kitabu. Nirudi, nipigwe picha, kitabu kitoke. Nisiporudi, hakitoki.

Nikamuuliza, kwani wananunua ushauri wa ndizi au wananunua ndoa yangu? Akafuta miwani.

Ngoja niliandike hapa, maana gazetini halitaingia. Kwetu kahawa ni ya mwanaume, migomba ni ya mwanamke. Hilo halijaandikwa popote na kila mtu analijua. Ile migomba niliipokea kwa mama mkwe, akanionyesha mmoja mmoja, huu mshare wa kupika, huu wa pombe, huu wa mzazi. Nimemlea mtoto wangu Zita kwa mtori wa ndizi zake. Siku moja naenda kumpelekea mtoto nguo shuleni kwa Masista, narudi — kweupe! Wenseslaus kaangusha migomba yote ya upande wa juu, apande kahawa. Anapangusa panga. Namuuliza, anacheka: “Si wewe mwenyewe uliandika? Soko limegeuka. Na mimi nimegeuka.”

Kwa jina la kitabu changu! Ningemsamehe tusi. Hilo la kunicheka na panga mkononi, sikuweza. Nikafunga mzigo siku ileile.

Jumapili, 9 Agosti

Misa. Wanawake wa Kibosho wamenisalimu kwa macho ya huruma. Sitaki huruma! Mmoja, aitwaye Dominika kama mimi, kanishika mkono akaninong'oneza kwamba wao sasa wanakodi lori pamoja, wanapita kwa mchuuzi hata hawamtazami. Wamefanya kama kitabu kilivyosema. Nimetembea mpaka nyumbani natabasamu peke yangu.

Jioni Mwantumu kanisomea tenzi za bibi yake wa Pangani. Nusu sielewi. Ananifafanulia huku akinicheka Kiswahili changu cha milimani. Hizo nazo nazisoma, Mwalimu aandike.

Jumatano, 12 Agosti

Nimekwenda mwenyewe ofisini kwake. Nimesema yote nimesimama. Andika: anasoma hadithi za mauaji, na tenzi za wanawake wa pwani, na karatasi zilizofungiwa sukari. Andika: anaishi Majengo, chumba kimoja, na migomba yake imekatwa na mumewe. Mwanamke anayesoma kitabu changu atanielewa kuliko akiniona nimesimama kama sanamu pembeni ya kahawa.

Mwalimu si mtu mbaya. Kasema Mama Zita, mimi nakutakia mema, nakupa mpaka Jumamosi. Nikamwambia Jumamosi itanikuta palepale. Kitabu kile nakipenda. Kisipotoka tena, mama wa Kirua au wa Kahe atakipata wapi? Nimelia kidogo nyuma ya mahindi ya Mwantumu. Basi. Nimelia, yamekwisha, na bado sirudi.

Jumamosi, 15 Agosti — Kupalizwa Mbinguni

Wamekuja! Mmoja bado yuko nje sasa hivi, naandika mlango nimeutia komeo.

Nilikuwa nimetoka misa, sijavua hata kitambaa. Hodi. Meku Basili, mzee wetu, kaka mkubwa wa Wenseslaus, na jani la isale mkononi, limefungwa fundo. Nyuma yake Wenseslaus ndani ya koti la harusi yetu.

Mwantumu aliona nilivyobadilika, akauliza kwani jani hilo lina nini. Nikamweleza. Kwetu mwenye kosa akiletwa na isale, hukatai. Hata aliyeua ndugu yako. Ukikataa, laana inabaki kwako na kwa watoto wako. Mwantumu akasema lo, shoga, basi umekwisha.

Nikamwamkia Meku shikamoo, nikamkalisha barazani. Akasema kwa upole, Mama Zita, mdogo wangu amekosa, tumekuja na hili. Halafu mzee wa watu, hajui kuficha, akaongeza kwamba Mwalimu alipita nyumbani juzi, mpiga picha atapanda Kibosho kesho mchana, kwa hiyo tukiondoka mapema itafaa.

Koti! Kumbe ndiyo maana ya koti!

Nikamtazama Wenseslaus. Amekonda. Nampenda bado mtu huyu, na ndiyo inayonikera. Nikanyoosha mikono yote miwili, nikalipokea jani. Nikasema: “Nimekusamehe, Baba Zita. Kwa moyo. Mungu ni shahidi na Meku ni shahidi.” Meku akashusha pumzi, akaanza kuinuka. Nikamwambia keti kwanza, Meku. Isale linaomba nisamehe, nami nimesamehe. Kurudi haliombi. Nani aliwahi kusikia isale likiomba mtu apande mlima?

Mzee akafikiri. Mwisho akacheka, akasema mke wa mdogo wangu, hilo kweli sijawahi kuulizwa. Akachukua fimbo yake, akaondoka. Akamwacha Wenseslaus amesimama.

Naye haendi! Anasema sasa nimesamehewa, nifanye nini? Nikamuuliza, kitabu changu umewahi kukisoma? Si ulinijibu kwa jina lake, panga mkononi? Akatazama viatu. Akasema alisikia tu likitajwa kwenye chama cha kahawa.

Nikaingia, nikachukua nakala yangu, ya mwisho niliyo nayo, nikamtia mkononi. Nikatia komeo.

Mwalimu atafanya atakavyo. Asipokipiga chapa yeye, nitamtafuta mwenye mashine Arusha, Tanga, popote, na sitapiga picha na kahawa ya mtu.

Anakisoma. Namsikia. Anasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili, kidole mstarini, najua bila kuona. Mwantumu anakaanga, anamletea chai, hamsemeshi. Amepita dibaji. Ameingia sehemu ya kwanza. “Kabla hujageuza… chochote shambani… muulize… mwenye jasho lake pale.”

Mwantumu kaacha kukaanga. Haya, anairudia sentensi ileile, polepole zaidi. Mara ya tatu sasa. Komeo sijaondoa.