Mdundo wa Unyago Mikononi mwa Mwanamume

Jumamosi, Mtawanya

Nani kamfundisha yule mpiga ngoma? Mjukuu wangu Zainabu alikuwa anaghani shairi lake kwenye onyesho lao, wenzake wakipiga chochote kinachowajia, bila mazoezi. Mara mwanamume yule akaingia kwenye mdundo wa unyago, ule tunaowapigia wari, wasichana wanaofundwa, ndani, wanawake peke yetu.

Nikamvaa. "We baba, umeuiba kwa nani?"

"Kwako, bibi. Nilikuwa naufuata mguu wako unavyogonga chini."

Zainabu akacheka mpaka akakaa chini. Mimi, kungwi mzima, niliyewafunga midomo wasichana wasitoe siri miaka yote hiyo, kumbe kisigino changu...

Makungwi wenzangu wakisikia, nimekwisha.

Bado simwamini. Lakini mtoto anaghani vizuri, nitakwenda tena. Nitakaa mkekani, miguu nimeikalia.