Tarakimu Arobaini na Nane

Jumatatu, 3 Machi

Printa mbili, laptopu moja iliyomwagiwa chai. Mama Nyamvula kaja tena na kompyuta ya marehemu mumewe, Mwalimu Mwero. Inaganda kila dakika tano. Ndani mna kamusi ya Kiduruma, kazi ya mwalimu ya miaka kumi na miwili. Kwingine haipo. Nimejaribu kuinakili mara tatu, imeganda mara tatu.

Sipendi kazi za marehemu. Ukiharibu, huna wa kumwomba radhi.

Jumanne, 4 Machi

Ugonjwa nimeupata. Ni BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha mazabodi, bodi kuu ya kompyuta. Ni ya zamani, na watengenezaji wenyewe wanasema toleo jipya linaondoa kuganda. Kuibadilisha si kazi. Ila stima ikikatika katikati, mazabodi imekufa. Na hapa Bofu stima hukatika mtu akipiga chafya.

Naogopa. Nimelinganisha namba ya mazabodi na ya faili mara nne.

Alhamisi, 6 Machi

Stima imepotea mara mbili kabla ya adhuhuri. Nimeazima betri ya akiba kwa Bakari wa studio ya picha. Kanicheka. "Wallahi, fundi, waichunga hiyo kompyuta kama bibi harusi." Acheke. Nimeijaribu betri kwa feni na taa, imedumu dakika arobaini. Swichi ya ukutani nimeibandika selotepu asije mtu akaizima.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeifanya asubuhi, mlango nimeufunga. Mstari kwenye skrini ukatambaa hadi mwisho. Taa hazikupepesa hata kidogo. Nikapiga makofi peke yangu kama mjinga.

Ikawaka. Skrini ya bluu. Inaomba ufunguo wa diski, tarakimu arobaini na nane.

Mwalimu aliifunga diski kwa kufuli. BIOS ikibadilika, kufuli linamdhania aliyeiwasha mwizi. Nilitakiwa kulilegeza kwanza. Kazi ya dakika moja. Wateja wangu hawafungi diski, kwa hiyo sikuangalia. Wiki nzima nachunga stima, na wala haikuwa stima.

Nimerudisha BIOS ya zamani. Bado inaomba. Sijala.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa Mama Nyamvula mwenyewe. Nimetoa shikamoo, nikamwambia yote bila kuzungukazunguka. Mtandaoni mwalimu hakuuhifadhi ufunguo, nimeshatafuta. Mama akakumbuka papo hapo: namba ndefu, ndani ya jalada la daftari, mumewe alimwonyesha. Nilisimama kwa furaha.

Kisha akakumbuka na mengine. Matanga yalipoanuliwa mwaka jana, vitu vya marehemu viliondolewa nyumbani, ndivyo desturi ya ukoo wao. Nguo walichukua wapwa. Madaftari, gunia zima, shemeji yake aliyapeleka sokoni Kongowea kwa wauza njugu. Ya kufungia njugu.

Akaniuliza jambo moja. "Mwanangu, maneno yake yamefutika?"

Nikamwambia hayajafutika. Yamo yote, halijapotea hata moja. Ila hayasomeki, wala hayatasomeka. Afadhali ningedanganya kwamba yameungua.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani sikwenda. Kongowea, kutwa nzima. Wauza njugu wamenionea huruma, wengine wamenicheka. Karatasi za mwaka jana! Nimerudi mikono mitupu.

Jumatatu, 10 Machi

Sikufungua duka.

Jumatano, 12 Machi

Printa tatu. Betri nimemrudishia Bakari. Safari hii hakunicheka.

Mama Nyamvula amekuja kuchukua kompyuta. Haigandi tena. Inawaka vizuri na kuomba ufunguo. Ameifunga kwa leso, mafundo mawili, akanishukuru kwa kujisumbua. Bora angenitukana.

Jioni nimenunua njugu karibu na feri. Nimeikunjua karatasi, nikasoma pande zote mbili. Hesabu za mtoto, kuzidisha, nyingi kakosa.

Njugu nimewapa kuku wa jirani.