Mulango ya nyuma

Mbunya, siku ya ine, jioni

Leo tena Dezire, fundi wangu wa mbao, amenichokesha. "Mama Furaha, chumba moja ya kupangisha, milango mbili ya nini? Unatupa mbao bure. Mwizi atakushukuru."

Nilimujibu kwamba nyumba ni yangu. Ningemwambia nini? Kule Bogoro nyumba yetu ilikuwa na mulango moja, na siku ile ya vita wenye silaha walisimama mbele yake. Dirisha ilikuwa ndogo. Siye watoto tulipita. Mama hakupita.

Watu wanashangaa: mwanamuke peke yake kujenga nyumba za kupangisha, wakati wenzake wanauza vitenge! Ninacheka tu.

Saa nane alikuja mama moja kutafuta chumba, mutoto ku mugongo. Hakuuliza bei. Hakutazama hata manjanja, yale mabati ya juu. Alivuka chumba, akafungua mulango ya nyuma, akaangalia mihogo ya jirani inafika mpaka wapi. Akaifunga ile mulango. Akaifungua tena.

"Nitaingia hapa," akasema.

Hatukuulizana kitu. Dezire akaokota randa yake.

Sasa nimekaa juu ya matofali iliyobaki, ingali na joto ya jua, na ninaota nyumba ingine. Madirisha kubwa. Mapazia inapepea polepole, watoto wanaingia na kutoka, wanapigiwa kelele kwa sababu ya matope. Nitaijenga siku moja, Mungu akipenda, hapa hapa...

Ile nyumba ya ndoto iko na mulango moja tu, na hakuna mutu anauliza ya nyuma iko wapi.