Petroli Uliyoinyonya Mwenyewe

Mwongeli wetu, Januari imerudi, na mwaka umetimia tangu tukulaze kwenye udongo wa kwetu Masii. Wenzako wa soko walitaka tangazo la maneno matamu. Mama akasema niandike mimi, kaka yako Mbuvi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwepo. Shule niliiacha mapema, kwa hivyo nitasema wazi.

Ulikuwa mtu wa mitumba pale soko la Toi, na akina mama walikujua kwa sweta za shule. Ukifungua belo la nguo, uliziweka kando mpaka apite mzazi ambaye mtoto wake hana. Ulimwita kana kwamba yeye ndiye anakusaidia: "Mama, hebu niondolee hii, inanijazia kibanda." Akigeuka, ulijifanya umeinamia soksi, asije akarudi kukushukuru.

Chai yako ilikuwa strungi, kavu bila maziwa, ya kuchoma ulimi. Ulicheka mpaka mwenye ploti tuliyopanga akagonga ukuta, nawe ukazidi kucheka.

Mume wako Kavoi alipofariki alikuachia binti yenu Ndunge na pikapu, Datsun ya zamani. Ilisimama nyuma ya ploti pale Kabiro, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Gari ulilijua, maana ulimshikia Kavoi spana miaka yote ya ndoa yenu. Uliniambia, "Brathe, petroli ikilala sana inaharibika, na tangi linaota kutu. Njoo tulioshe." Nikasema kesho. Jumapili nyingine nikasema kesho. Mwishowe ukaacha kuniuliza.

Halafu kura zikatangazwa, na mji ukawaka. Toi ikateketea. Kibanda chako kikaisha pamoja na cha Jawahir, jirani yako wa sokoni, ambaye mimba yake ilikuwa imetimia. Asubuhi moja baba yake, Mzee Murjan, akakupigia simu kutoka kwao Makina, kule Kibera. Uchungu ulikuwa umemshika Jawahir tangu jana yake, mkunga ameshindwa, na hakuna mwenye gari aliyekubali kuingia huko.

Ulikuja mlangoni kwangu bila hodi.

"Brathe, nipe funguo za Toyota."

Toyota ndiyo teksi yangu. Nilikuwa nimeificha nyuma ya choo na kuifunika magunia.

"Ikichomwa hiyo, watoto wangu watakula nini?"

"Jawahir anakufa."

"Hao wana watu wao."

Ulinitazama. "Na mimi ni wa watu gani?"

Nikaanza kurudisha mlango.

"Basi nipe petroli. Ya Datsun imeoza, na vituo vyote vimefungwa."

"Iko kwa tangi. Chukua."

Ulilala chini ya Datsun ukafungua nati ya tangi. Kilichotoka kilikuwa chekundu kwa kutu, kinanuka kama rangi ya mlango. Ukapuliza mpira wa petroli kwa pampu ya baiskeli. Ukafungua kabureta, na tundu lake dogo lililoziba ukalichokoa kwa uzi mmoja wa waya wa breki. Filta mpya haikuwepo. Ukaigongagonga ile ya zamani kwenye jiwe, ukaipuliza, ukairudisha.

Jirani yetu Amolo alikuwa ameegemea mlango wake. "Mama Ndunge, hiyo ni gari ama ni nyumba ya kuku?"

"Siku ikikubeba utaiita gari."

Ukatumbukiza mpira kwenye tangi la Toyota, ukanyonya. Petroli ya kwanza ulisuuzia tangi la Datsun. Ulipoinama kunyonya tena, Amolo akanigeukia.

"Wewe Mbuvi, si umnyonyee dadako? Ama midomo yako ni ya kula tu?"

"Nina vidonda vya tumbo," nikasema.

Sina vidonda vya tumbo. Sijawahi kuwa navyo. Nilikuwa nimesimama, mikono mfukoni.

Mara hiyo ya pili petroli ilikupalia. Ulikohoa mpaka ukapiga magoti, machozi yakakutoka, na Amolo akaacha utani. Ulijipangusa kwa leso, ukajaza tangi, ukadondoshea kabureta petroli kidogo kwa kifuniko cha soda, ukapiga stata. Ikagoma, ikagoma, ikanguruma. Ukafunga matawi kwenye bampa ili watu wajue unakwenda kwa amani, ukatoka. Mimi nilibaki nikirudisha magunia juu ya Toyota.

Yaliyofuata alitusimulia Jawahir. Ulimchukua Makina, na mlipofika Ngong Road injini ikazima, kwa sababu kutu iliyobaki ilikuwa imeziba filta. Ulishuka ukaifungua, ukaipuliza kwa mdomo, petroli ikakuingia tena. Vijana waliofunga barabara wakaja na mapanga.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kuna mtu anazaa hapa. Wekeni hizo panga chini msukume."

Wakaziweka, wakasukuma. Mchana huo Jawahir akajifungua mvulana hospitalini, wote wawili wazima.

Ulirudi kabla jua halijatua, pumzi yako ikinuka petroli. Ndipo tukafanya kile watu wetu hufanya mtu akimeza petroli. "Maziwa hukata sumu," nilisema, tena kwa sauti ya mjuzi. Mama akaleta maziwa. Ukanywa kikombe kizima ili kutufurahisha. Nikakuambia utie kidole kooni utapike, na nikakushika mabega. Niseme ukweli: nilijisikia vizuri, kwamba hatimaye na mimi ninakusaidia. Ulitapika, ukakohoa kuliko mwanzo, nasi tukasema, "Wacha itoke."

Haikuwa inatoka. Asubuhi midomo yako ilikuwa imegeuka rangi. Nikaondoa magunia, nikawasha Toyota, nikakuendesha hospitali kwa barabara zile zile nilizoziogopa.

Daktari aliuliza, "Nani alimtapisha?" Familia nzima ikatazama sakafu. Nikainua mkono kama mtoto darasani. Akaeleza kwamba petroli haina madhara makubwa tumboni kama iliyo nayo kwenye mapafu, na mtu akitapika, petroli hupata nafasi ya kuingia huko tena. Akaongeza kwamba huenda mapafu yalikuwa yameumia tayari ulipopaliwa. Mama ameshika neno hilo la mwisho. Mimi nimeshindwa kulishika. Kabla wiki haijaisha, ulituacha.

Kule Masii, Mzee Murjan alikuja na jamaa zake, safari yote hiyo na barabara bado mbaya. Akasimama kando ya kaburi akanishika mkono mbele ya watu. "Ahsante kwa petroli yako, mwanangu. Mjukuu wangu yuko hai kwa sababu yako na dada yako." Watu wakaitikia. Nami nikainamisha kichwa, nikapokea.

Mwaka mzima nimepokea. Sikukuu ya Idd Mzee Murjan alinitumia sinia la pilau, nikala.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Makina kumwambia ukweli. Nikamuuliza nani alimwambia kwamba mimi ndiye niliyetoa petroli. Jawahir akajibu, mtoto akiwa mapajani: "Ni Mama Ndunge mwenyewe. Alikuwa anakohoa, hawezi hata kushika usukani vizuri, akaniambia, 'Usiogope, Jawahir. Brathe ametupatia petroli, tutafika.'"

Mwongeli, ulinisingizia wema. Naandika tu ilivyokuwa: petroli sikuitoa. Uliichukua mwenyewe, kwa mdomo wako, mimi nikitazama. Anayetaka kushukuru, akushukuru wewe.

Na wewe unayesoma hapa: mtu wako akimeza petroli, usimpe maziwa na usimtapishe. Mpeleke hospitali. Kama una gari, ondoa magunia.

Anayekulilia ni mama yako Ndululu. Ni binti yako Ndunge, anayeuza mahali pako Toi na bado anaweka sweta kando. Ni wifi yako Mumbua, ni Jawahir na mwanawe, ni Mzee Murjan, ambaye baada ya kusikia yote bado alinisindikiza mpaka barabarani. Na ni mimi Mbuvi.

Hatutakusahau, dada. Mimi hata ningetaka, nisingeweza.