Maduara ya Filimbi

Kwako dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako asiyeisha maneno. Goti lako linaendeleaje, bado linakubishia kila ukitaka kupanda ngazi? Na shemeji je, hajambo? Mwambie tunakikumbuka kicheko chake. Sisi huku wazima. Tunanawa mikono mpaka vidole vimekunjamana, tunavaa barakoa mpaka masikio yanauma, lakini wazima.

Ujumbe wako wa simu niliupata. Niliusoma nimesimama, nikausoma tena nimekaa. Unauliza ni kichaa gani aliyefungua shule ya mtaa wetu wakati ugonjwa haujaondoka, na unasema mtu aliyenyoosha mkono kwa jambo kama hilo hajawahi kulea mtoto. Nilitaka kukupigia, ila nakujua. Ungenikata kauli kabla sijafika katikati, na habari hii haielezeki nusu. Kwa hiyo leo nimefunga saluni mapema, nimekaa kwenye kiti cha wateja mbele ya kioo, naandika. Nawe kaa. Usisome huku unapika.

Najua kwa nini ujumbe wako ulikuwa mkali hivyo. Filimbi nilimzaa mimi, lakini nilipokwenda kujifunza kazi ya ususi wewe ndiye uliyebaki naye, na pumu ilipombana wewe ndiye uliyemfunga mgongoni ukakimbia naye hospitali bila viatu. Hata jina la Filimbi ulimpa wewe, kwa vile kifua chake kilivyokuwa kinalia. Sasa Filimbi wako ni mwalimu wa darasa la kwanza kwenye shule iliyo mwisho wa mtaa wetu, na mimi, kwa kuwa kitindamimba wangu anasoma hapo hapo, wazazi wamenifanya mwenyekiti wa kamati yao. Wanasema nina busara. Nadhani walimaanisha nina sauti.

Shule zilipofungwa, wenzangu walishika vichwa. Mimi nilishukuru kimoyomoyo. Nilijiambia, Filimbi yuko nyumbani, mbali na darasa zima la pua zinazochuruzika. Nilimkataza kila kitu isipokuwa kutembea asubuhi, maana daktari alisema kutembea kunasaidia kifua. Basi kila asubuhi alitoka na barakoa yake na kijimkoba begani, akarudi amechoka lakini uso unang'aa. Nikasema, hewa safi hiyo.

Siku hizo hizo yakaanza kuonekana maduara. Maduara meupe, dada, ya chaki, chini mbele ya milango ya watu. Kwanza kwa Mama Pacha, kisha kwa fundi baiskeli, kisha yakasambaa mtaa mzima. Mteja mmoja akaniambia saluni kwamba ni watu wa afya wanapita alfajiri kuweka alama kwenye nyumba zenye wagonjwa. Unanijua mdogo wako. Badala ya kuuliza, niliamini, na nilipoisimulia kwa mwingine niliongeza chumvi. Nyumba yenye duara sikwenda tena kusuka. Mama Pacha aliponiita nikamwambia mkono unaniuma, na nikipita kwake nilihamia upande wa pili wa njia nimebana pumzi. Mvua ikifuta duara, kesho yake limechorwa tena, nami naguna, masikini, huyu bado hajapona.

Ndipo ukaja waraka kwamba kila shule ikae na wazazi wake waamue, ifunguliwe au isubiri. Mtaa ukagawanyika. Fundi baiskeli alitaka ifunguliwe hata kesho, maana wanawe walikuwa wamefumua baiskeli ya mteja na kuiunga upya, ikarudi bila breki. Lakini halikuwa jambo la kuchekesha kwa wote. Kuna kina mama wanaokwenda kiwandani na kufungia watoto ndani mpaka jioni, hao maji yalikuwa shingoni. Mwalimu mkuu naye alitaka tusubiri mwaka ugeuke. Alisema madarasa yana madirisha yasiyofunguka na dawati moja linabeba watoto watatu. Yule mwalimu mzee wa hesabu, mwenye ugonjwa wa sukari, alisema amefundisha nusu ya wazazi wa mtaa huu na angependa kubaki hai afundishe na wajukuu wao. Kila upande ulikuwa na haki yake, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa.

Mimi nilipita nyumba kwa nyumba, isipokuwa zile za maduara, nikiwaambia watu wakatae. Nilisema ni kwa ajili ya watoto wetu wote. Wewe na mimi tunajua nilikuwa nasema kwa ajili ya kifua kimoja. Filimbi mwenyewe alinitazama tu. Siku moja tukiosha vyombo akaniambia taratibu kwamba nikikaa kwenye kiti cha mwenyekiti nikae kama mwenyekiti, nisikae kama mama yake. Nikamjibu kwamba kiti kina miguu minne, mimi nina binti mmoja. Akaendelea kufuta sahani.

Mkutano ukafanyika uwanjani pa shule, wazazi upande mmoja, walimu kwenye mabenchi upande wa pili, na kwa sababu ya barakoa kila mtu alikuwa anapiga kelele na hakuna aliyesikia. Nikawaambia wanaotaka shule ifunguliwe wasogee ukutani, wanaokataa wabaki walipo, angalau tujuane. Kisha nikasimama kuhutubia. Dada, nilisema vizuri siku hiyo, najisifu. Na mwisho nikatoa ushahidi wangu mkubwa. Nikawaambia wasiniamini mimi, wayaamini macho yao, watoke nje wahesabu maduara milangoni, waone ugonjwa umeingia nyumba ngapi.

Nikamwona Mama Pacha mabega yanamtikisika, nikasema moyoni, nimemliza mwenzangu. Kumbe anacheka.

Filimbi akasimama kutoka kwenye benchi la walimu. Hakupaza sauti, lakini watu walitega masikio.

"Mama mwenyekiti," akasema, "maduara hayo nimeyachora mimi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Akaeleza mbele ya watu wote kwamba tangu shule ifungwe, kila asubuhi anapita nyumba hadi nyumba. Mtoto anatoka na kitabu chake, anasimama ndani ya duara mlangoni kwao, yeye Filimbi anasimama njiani kwa mbali, na mtoto anasoma kwa sauti. Haingii ndani, hagusi kitu. Mtoto akitoka nje ya duara, somo limekwisha. Wazazi wao walijua na walifunga midomo kwa sababu yeye aliwaomba, maana habari ikinifikia mimi ningemfungia ndani. Hilo ni kweli, ningemfungia. Fundi baiskeli alicheka mpaka barakoa ikamwanguka, akauliza kumbe ndiyo maana mke wake anakaa na nywele timtim miezi yote hii. Mimi ninayejidai hakuna linalonipita mtaani, nilikuwa nimeyakimbia madarasa ya mwanangu nikidhani ni tauni.

Mwalimu mkuu hakucheka. Alisema mtoto mmoja mlangoni kwao ni jambo moja, kundi la watoto ni jambo lingine, watarukiana shingoni dakika ya kwanza. Wale wa ukutani wakaanza kumjibu wote kwa pamoja, na sote tukageuka kuwatazama. Walikuwa wamebanana kama nguo sandukuni, barakoa ziko videvuni, huyu anampigia kelele mwenzake puani. Mzee wa hesabu akauliza kwa upole kama hao ndio watakaowafundisha watoto kukaa mbalimbali.

Filimbi akamwomba mzee chaki. Akachora maduara uwanja mzima, moja mbali na jingine. Watoto walikuwa wananing'inia kwenye uzio kama kawaida yao, akawaita wale wa darasa lake. Wakaingia bila kukimbia. Kila mmoja akachagua duara lake, akasimama, akamtazama mwalimu wake. Pacha mmoja akapiga chafya, akaziba kwa kiwiko, akabaki pale pale. Tukangoja mmoja avunje safu, hakuvunja hata mmoja. Na wale watu wazima pale ukutani, bila kuambiwa na mtu, wakaanza kuachana pole pole, wanapandisha barakoa, hawatazamani usoni.

Hapo akatoa shauri lake. Shule isifunguliwe yote. Wafundishwe nje, uwanjani, makundi madogo kwa zamu, waanze hawa wadogo ambao bado hawajajua kusoma wenyewe. Walimu wenye maradhi wakae nyumbani watunge mazoezi. Mzee wa hesabu, ambaye alimfundisha na anamjua tangu utoto, akamwuliza mbele ya wote, na wewe mwenye kifua chako je? Nikashika ukingo wa meza. Ndilo swali nililokuwa nalo kooni tangu siku ya kwanza, na sikuthubutu kuliuliza hadharani.

Filimbi akasema dawa yake ya kuvuta iko mfukoni, atasimama upande upepo unakotoka, na siku kifua kikikataa atakaa nyumbani kama wengine. Akasema watoto hawa walikuwa ndio kwanza wameanza kuzijua herufi, na kila wiki anaona zinawatoka.

"Naogopa, mwalimu wangu," akasema. "Lakini woga wangu hauwezi kuwa ratiba ya shule."

Tukapiga kura, safari hii kwa mikono. Mwalimu mkuu akahesabu, akahesabu tena, akaja kuninong'oneza kwamba zimelingana. Na kwa desturi ya kamati yetu, kura zikilingana, mwenyekiti ndiye anayeamua. Wale waliotaka tusubiri wakatulia kabisa, wengine wakaanza kukusanya mikoba yao. Walinijua. Hata mimi nilidhani najijua.

Nikakumbuka beseni la mvuke, na wewe umemfunika shuka kichwani unamwimbia ili asilie. Nikakumbuka mama yetu alivyokuwa akisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikamtazama Filimbi nikitaka anitazame, anisihi hata kwa macho, nipate pa kushika. Hakunitazama. Alikuwa ameinama anachora upya duara ambalo mtoto alilifuta kwa kisigino, anamwonyesha pa kuweka miguu. Nikaona, dada, kwamba huyu si wetu peke yetu tena.

Basi yule kichaa unayemtafuta ni mimi. Mkono uliofungua shule ndio huu unaoandika. Sikunyoosha kwa kuwa sikulea. Nilinyoosha kwa kuwa tulilea, wewe na mimi, na tulichokilea kilikuwa kimesimama pale mbele ya uwanja mzima hakitetemeki. Naogopa kila siku, nisikudanganye. Lakini sijuti. Ukitaka kunigombeza nigombeze, ila anza na nafsi yako, maana wewe ndiye uliyemwambia mtoto yule tangu hajaota meno ya ukubwa kwamba kifua ni chake, yeye si wa kifua.

Sasa kila asubuhi nasimama getini pa shule na ndoo na sabuni, hakuna anayeingia bila kunawa mbele yangu, hata mwalimu mkuu. Wazazi wameacha kuniita Msusi. Wananiita Mama Mwalimu. Najifanya sijasikia ili waseme tena. Mke wa fundi baiskeli na Mama Pacha nimewasuka wote wawili, bure, ndiyo adhabu yangu, na kila aliyepita saluni alisimuliwa upya habari ya tauni yangu.

Kuna moja tu linaloniuma. Siku shule ilipofunguliwa Filimbi alihamishia vitu vyake chumba cha uani chenye mlango wake. Alisema sasa anakutana na watu wengi na hataki kuniletea maradhi, mimi mtu wa umri wangu. Nilikasirika, nikanuna, nikalala. Asubuhi nikafungua mlango, nikakuta duara chini, chaki bado mbichi, naye amesimama njiani kwa mbali na kijimkoba chake. Akaniambia nisimame humo ndani. Mimi, niliyemzaa.

Nikasimama. Hivyo ndivyo tunavyoamkiana siku hizi. Lakini nikamwekea sharti: kabla hajaenda kazini anisomee ukurasa mmoja wa kitabu cha watoto wake, kwa sauti, bila kutua. Anadhani nimependa hadithi. Usiniulize kitabu kinahusu nini, sijui hata neno moja. Nasikiliza kifua. Leo asubuhi alisoma ukurasa mzima, akafunua na wa pili bila kuombwa, na ile filimbi tuliyoijua mimi na wewe sikuisikia hata mara moja.

Nisalimie shemeji na wote wanaoniulizia, hata wasioniulizia. Kitindamimba anakuamkia. Filimbi naye anakuamkia mama yake mkubwa, na anasema siku njia zikifunguka uje, duara lako ameshalichora upande wa kulia wa mlango wangu. Amelifanya kubwa, liingie na kiti, kwa ajili ya goti.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Mama Mwalimu