Soya Iliyobaki Ndooni

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Suji ukungu umetukalia wiki nzima. Shangazi yako amehamia Makanya, nyumbani nimebaki mimi na kuku.

Unauliza kama uji wa soya unamfaa kitukuu changu. Nikiwa msichana, mama aliletewa soya, nasi hatukuijua. Tuliisaga mbichi, tukaumwa matumbo nyumba nzima. Mama hakuitupa. Iliyobaki aliichemsha, akaianika, akaikaanga taratibu, ndipo akaisaga na mahindi. Akasema, "Ni chakula kizuri, ila hakitaki haraka." Tukawa tunagombania ukoko wa sufuria.

Kwa hiyo mpe, lakini anza na kidogo, maana wapo watoto inaowatoa vipele. Na usimwachishe ziwa kwa ajili yake.

Mimi nimevuna ndoo moja. Mashine haisagi kikombe cha mtu mmoja, na nikisaga yote, unga utaharibika kabla sijaumaliza. Basi ndoo ipo jikoni, na kila asubuhi nakunywa chai kavu nikiitazama. Sijaichemsha bado. Nasubiri midomo ya kunisaidia kuimaliza.

Bibi yako