Nimewaelekeza Wadai Bokoli

Kibomet,
S.L.P. 2219,
Kitale.
Jumapili, 30 Julai 2006

Mpendwa Senge Phelista, shangazi yangu,

Pokea salamu zetu kutoka Kitale, ambako mvua haijatuonea huruma tangu mwezi wa sita na nguo zinakaa kwenye kamba hadi zinaanza kunuka. Mguu wako uliokuwa ukifura unaendeleaje? Mama anauliza kama bado unaukanda na maji ya moto, au uliacha kwa sababu ya joto la huko Mombasa. Na Wilkista mdogo ameshaanza kutembea? Sisi ni wazima wa mwili. Nasema wa mwili kwa sababu ya haya nitakayokuandikia.

Kwanza mazuri. Mahindi yamenipita urefu na yameanza kutoa nywele. Yule ng'ombe wa madoa uliyemwacha akiwa ndama sasa anakamuliwa, na maziwa yake ndiyo yananilipia karo. Ukisikia niko kidato cha tatu na sijafukuzwa, mshukuru yeye.

Senge, unanijua. Kuongea hunishinda. Hata kanisani nikipewa somo la kusoma, sauti inapotea na mchungaji ananimalizia. Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi hakuna mtu ananitazama.

Ni juu ya lile deni la mbolea. Unakumbuka Baba alichukua mbolea na mbegu kwa mkopo kwenye duka la Mzee Waithaka hapa mjini, mwaka ule mahindi yalikosa bei. Sasa Mzee Waithaka amechoka na duka ameachiwa mwanawe, naye ameajiri watu wawili wa kukusanya madeni ya zamani. Mmoja ni Kang'ethe, mtu mnene asiyesema sana. Mwingine anaitwa Festus, kijana wa Myanga, Mbukusu kama sisi. Mdomo wa huyo haupumziki.

Wanakuja tangu Pasaka. Hawagongi mlango. Wanaegesha pikipiki pale pale mlangoni ili mtu asipite, halafu Festus anapaza sauti jirani wote wasikie: "Hodi kwa marehemu Wakoli. Tumeleta salamu za mbolea." Kuna siku walitukuta kwenye maombi ya jumuiya. Waliketi na waumini, wakaimba nasi mpaka mwisho, na sahani ya sadaka ilipomfikia Festus akasema yeye atatoa akishalipwa. Watu walicheka. Mama pia alicheka, kisha akaenda jikoni na hakurudi.

Mimi ndiye hutumwa mlangoni, na nimejifunza uongo.

"Mama ako wapi, madam?"

"Ameenda soko, Chwele."

"Chwele? Na hizi ndara zake zimebaki kuchunga nyumba?"

Mama alikuwa nyuma ya pazia, Senge. Niliona pazia likitikisika. Nilisimama tu nikiangalia ndara hizo mpaka wakaondoka.

Sasa sikiliza, maana wewe ulikuwepo. Siku ya tatu baada ya kumzika Baba kule Bokoli, tulipomaliza kunyolewa, wazee waliita mbele ya watu wote kila aliyemdai marehemu na kila aliyedaiwa naye. Mama alikuwa ndani na wajane wenzake. Mimi nilikuwa nazungusha maji ya kunawa na nilisikia vizuri. Mjumbe wa Waithaka alitaja deni lake. Baba Mkubwa Wabwile akainuka akasema, "Hilo ni langu. Mama wa watoto asisumbuliwe." Wazee wakampa dume la ng'ombe la Baba akaliuze Chwele alipie. Nililiona likiondoka asubuhi. Dume lilienda na deni likabaki.

Mama anajua. Wazee wanajua. Hakuna anayesema. Mama ameniambia mara nyingi kwamba hati ya shamba la Bokoli bado ina jina la Babu, na hati yenyewe iko kwenye sanduku la Baba Mkubwa, kwa hiyo tukimgusa huyo tutalima wapi na tutazikwa wapi. Basi Mama hupunguza deni kidogo kidogo na pesa ya maziwa, na kila wakija anaomba msamaha kwa kitu ambacho si chake.

Jumanne iliyopita Mama alikuwa kweli hayupo. Nilitoka shule nikamkuta Kang'ethe amemfunga ng'ombe kamba shingoni. Alikuwa anampapasa kiwele kama mtu aliye mnadani. Festus akaniambia nisiogope, leo wanamwangalia tu, ila mwisho wa Agosti watarudi na pikapu.

Sijui sauti ilitoka wapi. Nilisema deni si letu, liko kwa Baba Mkubwa huko Bokoli, alilichukua mbele ya wazee na akapewa dume la kulipia.

"Huyo tulimfikia," Festus akasema, "akatuambia ati mali yote iko kwa mjane. Tangu hapo tukienda tunaambiwa amesafiri. Kila siku amesafiri, kwani yeye ni rubani?"

Nikamjibu waende Jumamosi ya tarehe kumi na mbili, alfajiri. Siku hiyo hawezi kusafiri. Mwanawe Kevin anatahiriwa.

Kang'ethe akaandika tarehe kwenye kiganja. Yeye si wa kwetu, hakuelewa uzito wa siku hiyo. Lakini Festus aliacha kucheka. Aliniuliza polepole, kwa Kibukusu, kama najua ninachosema. Nikasema najua. Wakamfungua ng'ombe wakaenda.

Nilifurahi, Senge. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Jioni ile nilikamua nikiimba.

Halafu jana Kevin alikuja kutualika. Alitoka Bokoli na wavulana wawili, njuga zimefichwa kwenye gunia, wakazivalia stendi, na kutoka hapo wakaja wakiimba na kupiga njuga mpaka kwetu, watoto wote wa Kibomet nyuma yao. Mama alimpa jogoo. Kevin alinifuata nyuma ya nyumba na kikombe cha maji. Aliniambia, "Emmy, siku hiyo usimame mahali nitakuona. Na usilie. Ukilia nitasikia." Ana miaka kumi na minne, na hajui lolote juu ya dume wala mbolea.

Unajua watu wetu. Mtoto akiwa amesimama pale uani, matope ya tohara mwilini, kisha watu wagombane na baba yake juu ya deni, itasemwa maisha yake yote. Akitikisika, au damu ikikataa kukatika, watasema ni ule ugomvi. Na ugomvi huo nimeuita mimi, na tarehe nikataja mimi.

Kwa hiyo nakuomba, nikiwa nimepiga magoti, umpigie simu Baba Mkubwa. Anakuogopa wewe peke yako kwa kuwa ulimbeba mgongoni. Usianze na dume, tafadhali. Mwambie tu apite dukani kwa Waithaka kabla ya tarehe kumi na mbili, hata na sehemu ndogo, waelewane. Huyo mwana wa Waithaka hupokea kidogo kidogo, Mama amemjaribu. Na akikuuliza nani aliwaelekeza, usinifiche, mwambie ni mimi.

Mama nimemwambia leo tulipotoka kanisani. Alitangulia hadi nyumbani akamwekea ng'ombe maji. Kisha akasema, "Ulisema kweli, lakini umeichagulia siku mbaya." Hakunipiga wala hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Tumekubaliana hivi. Alhamisi ya tarehe kumi tutaenda Bokoli kupikia wageni kama jamaa wengine. Kama hadi Ijumaa jioni Baba Mkubwa hajalipa, alfajiri ile nitasimama barabarani kabla ya lango. Kevin hataniona, na sijui nitamwambia nini baadaye. Nikisikia pikipiki nitawasimamisha niwaambie mimi ndiye niliwaita na mimi ndiye nawarudisha. Nilimuuliza Mama, na wakikataa? Akasema niwaambie ng'ombe yuko nyumbani, zizi halina kufuli.

Msalimie mjomba na umbusu Wilkista mdogo. Msalimie pia jirani yako Zaitun, mwambie wali wake wa nazi nimejaribu mara mbili na mara zote ukaungua. Mungu aushike mguu wako na aulainishe moyo wa ndugu yako kabla ya siku hiyo.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, anayekupenda na anayesubiri simu yako iingie Bokoli,

Emmy Nasimiyu Wakoli